Kukimbia bila kufukuzwa: miaka miwili ya mazoezi ya asubuhi hapa Goma

#1. Fundi wa Katindo

Jambo yenu wote. Nimekuwa nikisoma humu kimya kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu juma hili watu watatu wameniuliza swali moja, na wote wameniuliza nikiwa kazini, pini mdomoni, kitambaa cha mteja mkononi, na sikuweza kuwajibu ipasavyo. Swali lenyewe: mama, kwa nini unakimbia?

Mimi ni fundi wa nguo, umri wangu 41, watoto wanne. Naketi kwenye cherehani tangu saa mbili asubuhi hadi giza linaingia. Mwaka 2023 mgongo wangu ulifika mahali nikawa nasimama kwa kushika ukuta. Usingizi ulikuwa unakatika saa nane usiku, basi, hapo nalala macho hadi jogoo. Nikapimwa presha: 150 kwa 96. Nikarudi mara mbili nyingine, bado iko juu. Daktari akanipa vidonge, akaniambia pia nianze kutembea kila siku. Nikatembea mwezi mzima. Kutembea ndiko kulikonifikisha kwenye kukimbia.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa Juni, kiangazi, saa kumi na moja na nusu. Nilivaa viatu vya mwanangu wa kwanza, na juu ya suruali ya mazoezi nikajifunga kitenge kwa haya. Nikashuka kutoka Katindo kuelekea Himbi. Saa zile akina mama wanapanda na maji ya Ziwa Kivu, bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, shingo imeinama. Nikajiambia: hapa penye mteremko ndipo nianzie. Nikakimbia.

Mama mmoja alikuwa anapanda na binti yake wa miaka sita hivi. Akaniona nakuja mbio. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, juu barabarani. Kisha akatua bidoni, maji yakaanza kumwagika, akamshika mtoto mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ni nini tena? Wamefika wapi?"

Nikasimama. Pumzi sina, ulimi sina. Nikamwambia, mama, hakuna kitu, nafanya spoti tu. Alikaa kimya kidogo, halafu akaanza kutetemeka. Tukainua bidoni pamoja, nikambebea hadi juu.

Sijausahau uso ule. Katika mji huu neno kukimbia tunalijua kwa upande mmoja. Tulikimbia moto wa volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Tukakimbia tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, nusu ya mji ikaelekea Sake, wengine Bukavu, wengine Gisenyi. Katikati ya hapo na baada ya hapo, vita. Mtoto wa Goma ukimwambia "tukimbie" hakuulizi kwenda wapi, anatafuta viatu. Mkimbizi na mkimbiaji wametoka katika neno moja, lakini sisi tumefundishwa nusu yake tu.

Kuanzia kesho yake nikabadili jambo moja. Kila ninayekutana naye namsalimia nikiwa bado mbali: "Jambo mama! Niko spoti!" Nilifanya hivyo ili nisimtie mtu hofu. Baadaye nikagundua salamu ile ilikuwa inanifanyia kazi nyingine. Ukiweza kumsalimia kila mtu unayempita, salamu nzima, pamoja na "watoto wako wazima?", basi mwendo wako ni sawa. Ukibaki na "jam..." pumzi imekatika, unakimbia kasi mno kwa mwili wako. Punguza. Wengi wanaoacha katika juma la kwanza wanaacha kwa sababu hiyo tu: wanatoka kama wanafukuzwa, dakika mbili kifua kinawaka, wanasema kukimbia si kwangu.

Mimi nilianza hivi: dakika moja kukimbia polepole, dakika mbili kutembea, mara nane. Siku tatu kwa juma, siku ya katikati napumzika. Juma la pili vilevile. Juma la tatu dakika mbili kwa mbili. Mwezi wa tatu ndipo nilipokimbia dakika ishirini bila kusimama, na nilipofika kwenye ukingo wa ziwa nililia.

Mteja ameingia, nitaendelea.

#2. Motari wa Ndosho

Yaya, dada yangu mkubwa, aksanti kwa uzi huu. Mimi niko kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, tangu asubuhi hadi saa tatu usiku. Miaka 29, tumbo limeanza kutoka, kiuno kinauma kama mzee. Nina maswali matatu. Vumbi na moshi wa hapa tunaufanyaje? Viatu je, maana vile vya dukani bei yake ni chakula cha mwezi? Na ulipata wapi nguvu ya kuendelea? Mimi nimeshaanza mara tano. Kila mara siku nne, nimeacha.

#3. Fundi wa Katindo

Mdogo wangu, nianze na viatu, hapo nina la kusema kwa sababu nguo na ngozi ndiyo kazi yangu.

Vyangu ni vya mitumba, nilivinunua soko la Virunga, dola nane baada ya kubishana sana. Usiangalie rangi wala jina. Shika kiatu ncha na kisigino, ukunje. Kikijikunja katikati kama chapati, kimekufa, kiache. Kizuri kinajikunja pale vidole vinapoanzia, katikati kinakataa. Bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba: ikibonyea na kurudi, ina uhai, ikiwa ngumu kama ubao, aliyekuvalia huko Ulaya ameshakimaliza. Kigeuze uangalie kisigino. Kama kimelika upande mmoja sana, mwenyewe alikuwa anakanyaga hivyo, na wewe utakanyaga kama yeye. Mwisho, kivae jioni wakati mguu umevimba kidogo kwa kazi, na uache nafasi ya kidole gumba mbele ya vidole. Mawe yetu haya ya volkano yanakula soli haraka, na yanapinda kifundo cha mguu. Mimi naikwepa njia yoyote yenye mawe wazi. Nachagua ardhi iliyoshindiliwa au lami, hata kama ni kwenda na kurudi palepale mara nne.

Vumbi: dawa ni saa. Kabla moto hazijajaa barabarani hewa ni nyingine kabisa. Kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu unakutana na wabeba maji na chukudu za makala tu, na chukudu ni ya mbao, inasukumwa kwa mguu, haina moshi. Saa mbili asubuhi hata mimi sikimbii. Lakini pia usitoke gizani peke yako. Ngoja mwanga uonyeshe uso wa mtu.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: MAZUKU. Nyinyi mnaokaa upande wa magharibi, ukingoni mwa ziwa kuelekea Bulengo na njia ya Sake, mnajua. Ile hewa mbaya inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaa mashimoni na kwenye mabonde, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaichanganya. Haionekani. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita, mbwa wake akafa. Mkimbiaji anayehema kwa nguvu, akainama kufunga kamba ya kiatu shimoni, yuko hatarini. Kwa hiyo kimbia mahali palipoinuka, ulizia wazee wa mtaa wako mashimo yapo wapi, na ukikuta panya au ndege amekufa penye bonde usikae hapo kushangaa. Uondoke.

Swali la tatu ndilo kubwa. Nilijibu nikashona nikajibu tena, naona linahitaji ujumbe wake. Jioni.

#4. Mzee wa Majengo

Binti yangu, nimesoma yote. Sikukatazi. Ila niseme la moyoni.

Mwaka 2002 nilikuwa nakaa karibu na Birere. Moto ule ulipita juu ya nyumba yangu ukaenda ziwani. Nilikimbia na mama yangu mgongoni. Mwaka 2012 tukakimbia vita. Mwaka 2021 nilitembea hadi Sake na wajukuu. Januari 2025 vita vilipoingia tena mjini sikukimbia, nilichoka, nilijifungia ndani. Mimi nina miaka 58. Daktari naye ameniambia nifanye mazoezi, sukari inapanda. Lakini nikijaribu kwenda haraka kidogo tu, moyo ukianza kudunda, mwili wangu wote unarudi kule. Mikono inakuwa baridi. Naona kama kuna kitu nyuma yangu. Sasa nitakimbiaje mimi kwa kujifurahisha? Mji huu umekimbia vya kutosha.

#5. Fundi wa Katindo

Baba, shikamoo. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nikaacha kazi.

Hicho unachosema kilinipata. Nilikuwa nimeshakimbia mwaka mmoja na nusu vizuri. Ikaja Januari 2025. Tulikaa chini ya vitanda na watoto, magodoro yameegemezwa madirishani. Baada ya hapo sikukimbia miezi mitatu. Viatu vilikuwa mlangoni, navipita kama sivioni. Watu walikuwa wanadhani ni uvivu au woga wa barabara. Sivyo. Aprili nilijaribu. Nilifika kona ya kwanza, moyo ukaanza kupiga, na mwili ukaelewa jambo moja tu: yamerudi. Nikaketi juu ya jiwe. Jirani yangu ninayekimbia naye hakusema "jikaze". Aliketi kando yangu. Akaniambia: "Weka kidole shingoni, tuhesabu." Tukahesabu mapigo, dakika nzima. Halafu tena. Yakawa yanashuka. 132, kisha 110, kisha 96. Nilikuwa naona kwa kidole changu mwenyewe kwamba moyo umepanda kwa sababu nimepanda mlima mdogo, na sasa unashuka kwa sababu nimeketi. Hakuna zaidi.

Kesho yake tukarudi kwenye jiwe lilelile. Tukatembea hadi moyo udunde, tukaketi, tukahesabu. Majuma mawili hivyo, bila kukimbia hata hatua moja.

Kwangu hii ndiyo faida ya kwanza ya kukimbia, kabla ya presha, kabla ya mgongo. Mwili uliofundishwa kwamba moyo kudunda ni hatari, unaweza kufundishwa tena, taratibu, kwamba moyo unadunda pia mtu akiwa salama, akiwa amependa mwenyewe, na kwamba utatulia. Sasa hata usiku mlango ukigongwa na upepo, moyo unaruka, ndiyo, lakini najua njia ya kuushusha. Nimeupitia ule mteremko mara nyingi nikiwa macho.

Kwa hiyo baba, usikimbie. Tembea hadi uanze kuusikia moyo, halafu keti. Uwe na mtu.

#6. Muuguzi Ibanda

Salamu kutoka Bukavu. Mimi ni muuguzi, miaka kumi na nne kazini. Fundi amesema vizuri, niongeze ya hospitali.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za mazoezi ya wastani kama kutembea haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito kama kukimbia, na unaweza kuchanganya. Ukikimbia dakika 25 mara tatu, umefika. Si lazima ufike siku ya kwanza, na dakika kumi ni bora kuliko sifuri.

Mazoezi ya namna hii yanashusha presha kwa wengi wenye presha ya juu, na yanaufanya mwili utumie sukari vizuri zaidi. Mzee, hilo ni lako. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu. Lakini ukiwa unatumia dawa za kushusha sukari au sindano, ongea kwanza na anayekutibu, sukari isije ikashuka mno njiani, na uwe na kitu kitamu mfukoni. Na nyote wenye presha: MSIACHE VIDONGE kwa sababu mnajisikia vizuri. Nimewaona wengi walioacha wenyewe. Anayepunguza dawa ni daktari, baada ya kupima mara nyingi.

Simama mara moja, nenda hospitali, ukipata maumivu ya kifua yanayobana au kwenda mkononi au tayani, kizunguzungu cha kuanguka, au pumzi kukatika isivyo kawaida. Ukiwa na homa usikimbie. Malaria na mbio havikai nyumba moja.

Na magoti, maana najua litaulizwa: wanaokimbia kwa kiasi hawaumwi yabisi ya magoti kuliko wanaokaa tu. Kinachoumiza ni kuongeza haraka haraka. Moyo na mapafu vinazoea ndani ya majuma machache. Kano na mifupa vinahitaji miezi. Pumzi inakuwa tayari kabla ya goko, na hapo ndipo watu wanapojiumiza, kwa sababu wanaisikiliza pumzi peke yake.

#7. Mwanafunzi Kadutu

Muuguzi amesema goko, limenipata hilo hilo! Sisi Bukavu tambarare hatuna. Kutoka Kadutu kushuka mjini ni raha, kurudi ni kuomba Mungu. Nilikuwa nakimbia mlima wote kila siku kwa kiburi, juma la nne mfupa wa mbele wa mguu ukauma hadi nikawa nachechemea darasani. Sasa mlima naupanda kwa miguu, nakimbia pale juu tu, na kwenye mteremko napiga hatua fupi fupi. Miezi mitano sijaumwa. Na masomo, niamini, ile saa moja baada ya kukimbia ndiyo saa ninayosoma vizuri kuliko zote.

#8. Fundi wa Katindo

Pole mwanangu. Mimi pia lilinipata mwezi wa pili. Nilijiona fundi wa mbio, nikaongeza siku ya nne na ya tano. Nikakaa chini majuma matatu.

Sasa nimjibu motari wa Ndosho, ya nguvu ya kuendelea.

Kwanza: mimi hamu siingoji. Saa kumi na moja alfajiri hamu haijaamka. Ningeingoja ningekimbia mara mbili kwa mwaka. Ninachofanya ni kuvaa viatu na kufika kona ya avenyu yetu. Hapo nina ruhusa ya kurudi kulala, ruhusa ya kweli. Katika miaka hii miwili nimeitumia mara nne. Mwili ukishatoka blanketini na kupata ile baridi ya kutoka ziwani, mara nyingi unakubali wenyewe.

Pili, jirani. Hili ni zito kuliko yote. Tuliahidiana: asiyeweza kuja anabipu kabla ya saa kumi na moja na robo. Asipobipu, mwenzake anasimama nje kumngoja. Wewe fikiria mama mwenzio amesimama barabarani gizani kwa ajili yako. Utalala? Nilipokuwa natoka peke yangu nilikuwa na sababu nyingi za kubaki. Tangu tuwe wawili, sababu zimebaki homa na mvua. Na kwa sisi wanawake wawili ni usalama, na maneno ya vijana wa barabarani yanapungua. Mwanzoni walituita majina. Tuliwasalimia kama wengine. Sasa wao ndio wanauliza "mbona jana hatukuwaona?"

Tatu, kopo. Kila nikirudi natia kifungo kimoja katika kopo la glasi lililo mbele ya cherehani. Vifungo vilivyobaki kwenye nguo za watu, vyekundu, vyeupe, vya koti. Siandiki kilomita, siandiki dakika. Mwezi uliopita vilikuwa kumi na moja. Siku mbaya, mteja amekataa nguo, umeme hakuna, naliona kopo. Lile halibishani na mimi. Baada ya Januari nilitaka kulimwaga nianze upya, binti yangu akanikataza: "Mama, hivi ulivikimbia." Havikumwagwa.

Na jambo ambalo nataka ulishike: usikimbie kwa ajili ya kilo. Miaka miwili nimepungua kilo tatu. Kukimbia kunaleta njaa, na mimi bugali (ugali) kwa sombe (kisamvu) na sambaza, vile visamaki vya ziwa, siuachi. Ningekuwa nangoja mizani inisifu, ningeacha mwezi wa pili. Mizani ilinyamaza, lakini mengine yalisema. Usingizi ulirudi juma la tatu; nilishtuka kuamka na kukuta kumekucha. Mgongo ulichukua miezi minne. Presha sasa inacheza 130 kwa 84, na daktari amepunguza kidonge kimoja, yeye mwenyewe, dada muuguzi usiwe na wasiwasi. Mapigo ya moyo nikiwa kitandani kabla ya kuamka yalikuwa 84 kwa dakika, sasa ni 68. Yaani moyo uleule unafanya kazi ileile kwa kupiga mara chache. Na watoto wanasema siku hizi siwapigii kelele kama zamani. Hilo la watoto nimeliweka mwisho lakini kwangu liko juu.

#9. Mwana Kigoma

Mleta uzi, mkuu, heshima yako. Niko ng'ambo ya Tanganyika huku, nimesoma kuanzia juu bila kuruka. Sisi tulipata nguvu Septemba 2025 pale Tokyo, Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia. Kilomita 42 na mita 195, halafu anamshinda Mjerumani kwa kifua tu, muda uleule saa 2:09:48, hadi picha ikaamua. Asubuhi yake mtaani kwetu vijana walijaa barabarani. Wengi wameshaacha, lakini mimi na wenzangu wawili bado tupo. Goma mna mkimbiaji wenu?

#10. Motari wa Ndosho

Tunaye kaka. Makorobondo Salukombo, wa Kirotshe, hapo mbele ya Sake, kandokando ya ziwa. Aliondoka na familia yake kwa sababu ya vita akiwa mdogo, akakulia Marekani, akarudi kufundisha vijana wa kijijini kwao kukimbia. Mwaka 2016 aliiwakilisha Kongo katika marathoni ya Olimpiki, Rio. Mkimbizi akawa mkimbiaji, kama alivyosema yaya hapo juu.

Na yaya, nimetoka leo! Dakika moja kwa mbili, mara sita. Nilijaribu kusalimia, salamu ya tano ikanikatikia, nikapunguza. Nimempata mwenzangu wa kituoni, tumeahidiana kubipu.

#11. Fundi wa Katindo

Umenifurahisha mno mdogo wangu. Juma hili usizidishe hata kama unajisikia simba. Mara sita hizohizo. Na baada ya kukimbia usikae papo hapo kwenye moto saa nne mfululizo. Kila ukimshusha mteja, shuka na wewe, unyooshe kiuno, hata nusu dakika.

Kuhusu mvua, maana nimeulizwa pembeni: sasa ni msimu wake. Ikinyesha kubwa sitoki, mawe yanateleza na mifereji inajaa. Natembea ndani, napanda na kushuka ngazi za nyumba ya jirani robo saa. Natia kifungo pia. Nimejiamulia kwamba kinahesabika.

#12. Mzee wa Majengo

Binti yangu, nimerudi kuwaambia. Mjukuu wangu wa kike, ana miaka 15, nilimsomea ujumbe wako wa jiwe. Leo asubuhi ameniamsha yeye. Tumetembea kutoka hapa nyumbani tukipanda kidogo. Moyo ulianza, mikono ikawa baridi kama siku zote. Tukaketi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa. Yeye ndiye alihesabu, kwa simu yake. 124. Tukakaa. 108. Kuna mama akapita na bidoni, akatusalimia, akauliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nafanya spoti. Mjukuu akacheka sana. 93. Tukarudi.

Sijakimbia. Kesho tunakwenda palepale. Swali langu: viatu vya mwanangu ni namba 43, mimi navaa 42. Vitanifaa, au nitafute vingine?

#13. Fundi wa Katindo

Vinafaa baba. Vaa soksi mbili, za pamba ndani na nene juu. Kamba ipitishe hadi tundu la mwisho kabisa, lile la juu karibu na kifundo, ukaze hapo ili kisigino kisicheze. Pale mbele kwenye vidole uache imelegea. Ukirudi angalia kisigino: kikiwa chekundu, kata kipande cha kitambaa laini, ukiweke ndani kwa nyuma. Kama huna, pita kwangu, nina mabaki mengi.

Na mpe mjukuu salamu. Mwambie aandike zile namba mahali.